Visahani vya angani: miaka yote hii hata msumari mmoja?

Mleta mada: Wakuu, tangu Juni 1947, rubani Kenneth Arnold alipoona vitu tisa vikimeremeta karibu na Mlima Rainier kule Marekani, mpaka leo tunaletewa picha za ukungu. Jeshi lao la Anga lilichambua taarifa 12,618 za vitu visivyotambulika angani hadi mwaka 1969, zikabaki 701 zisizo na maelezo. Kutotambulika si kutoka sayari nyingine. Kama wageni wanakuja, nataka niuone msumari mmoja tu wa chombo chao. Na hao wanaoapa wameona, wengi ni walevi au wanatafuta umaarufu.

Nahodha: Mkuu, hapo kwenye ulevi umenigusa pabaya. Mimi pombe sijawahi kuonja. Alfajiri moja tuko safarini, taa nyeupe ikatuandama kushoto kwa gari zaidi ya saa nzima. Tukikata kona inajificha nyuma ya miti, tukinyoosha ipo. Tukisimama, inasimama. Dereva aliiona, utingo aliiona. Sote watatu tulikuwa tumelewa?

Mtazamanyota: Ndugu Nahodha, hukulewa. Kushoto ndiyo mashariki? Ikafifia kulipokucha? Basi hiyo ni sayari ya Zuhura. Iko mamilioni ya kilomita kutoka hapa, kwa hiyo mwendo wa gari hauibadilishi mahali. Miti inarudi nyuma, yenyewe imebaki, na jicho linaona inakufuata. Mwezi umetufuata hivyohivyo tangu utotoni. Jimmy Carter naye aliandika ripoti ya taa aliyoiona 1969, kabla hajawa rais wa Marekani, na mchunguzi mmoja akasema ni Zuhura, ingawa ubishi wake haujaisha.

Nahodha: Ndiyo, mashariki. Lakini sikuuliza ilikuwa nini. Nimeuliza kama nililewa. Mleta mada ajibu.

Kibatari: Tuache taa. Watoto wa ile shule ya Zimbabwe je? Miaka ya tisini, watoto sitini na kitu, mchana kweupe, wakachora chombo na viumbe wenye macho makubwa. Watoto wa shule ya msingi nao walikunywa?

Mtazamanyota: Ruwa, Septemba 1994. Siku mbili kabla yake, mabaki ya roketi ya Urusi yaliungua angani usiku, yakaonekana sehemu nyingi za kusini mwa Afrika, na habari za vyombo vya ajabu zikawa midomoni mwa watu. Halafu watoto walihojiwa kwa vikundi, huyu anamsikia yule.

Kibatari: Kwa hiyo ni waongo.

Mwalimu Mstaafu: Mwanangu, usimlishe maneno. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja. Siku moja kioo cha dirisha kilivunjika darasani kwangu. Asubuhi hakuna aliyeona kitu. Nikauliza mbele ya wote, msichana mmoja akasema labda alipita mtu mwenye shati jekundu. Baada ya mapumziko, kumi na wawili walikuwa wamemwona, na mmoja alilia akieleza uso wake. Jioni fundi akaja kukiri kwamba ngazi yake ndiyo iliyogonga. Hakuna mtoto aliyenidanganya pale. Kosa lilikuwa langu, la kuuliza vile. Wale wa Ruwa nawaonea uchungu. Ilifaa kila mmoja akae peke yake, siku ileile, na mtu asiye na jibu lake mfukoni.

Kibatari: Shikamoo mwalimu. Lakini wengine sasa ni watu wazima na bado wanashikilia.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Na yule msichana wangu, nilipokutana naye ukubwani, bado anaikumbuka rangi ya shati.

Mleta mada: Nafuta neno walevi, nilikosea. Ila msumari bado nausubiri. NASA wenyewe, shirika la anga za juu la Marekani, mwaka 2023 waliandika kwamba hawakupata ushahidi wa asili ya nje ya dunia. Kuna mwenye kitu cha kushika mkononi?

Nahodha: Umefuta walevi. Na kutafuta umaarufu je?