Naomba ushauri: buti za kauboi zinalia "kwi kwi" zikikanyagiwa

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nipo El Paso, Texas, kwenye karakana ya baba mkwe. Yeye na shemeji zangu wanashona buti za kauboi kwa mkono. Mimi huu ni mwaka wa pili, nimekabidhiwa soli na visigino.

Soli ni ya ngozi. Pembeni tunaishona kwa msharasi na uzi wa nta. Katikati, pale kwenye uvungu wa unyayo, tunapigilia vijiti vya mbao, maana mbao na ngozi vikipata unyevu hutanuka pamoja. Juu yake kuna kipande cha chuma cha kuupa uvungu nguvu.

Sasa jozi tatu nilizomaliza mimi zimerudi. Mteja akikanyaga, buti linalia kama kitanda cha kamba. Mzee kacheka tu, "tafuta mwenyewe." Sawa, ila wateja hawasubiri masomo yangu.

Nimetia poda kati ya tabaka za ngozi, nimebadilisha gundi, bado. Nikilikunja kwa mkono liko kimya. Linalia likibeba uzito tu. Ninashuku nilipigilia vijiti ngozi ikiwa bado mbichi baada ya kulowekwa, ikasinyaa, matundu yakalegea.

Mafundi viatu wenzangu, nitajuaje kama ni chuma kinacheza au ni vijiti, bila kung'oa soli? Na nyie ngozi iliyolowekwa mnaiacha ikauke kiasi gani kabla ya kupigilia?