MREJESHO: Yule fundi umeme wa kuwaya nyumba, leseni yake nimeicheki

Wakuu, niliuliza humu ntajuaje kama fundi umeme aliyenipa bei chee ana leseni kweli au ni maneno tu, basi mrejesho ndo huu.

Nilimwomba leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) akanirushia picha wasap, imekatwa pembeni, tarehe ya mwisho haionekani kabisa. Nikamwambia nitumie namba na jina kamili kama lilivyoandikwa, hapo ndo akaanza chenga, mara simu imezima chaji mara leseni iko kwa bosi. Nikaingia kwenye orodha ya EWURA mtandaoni na jina la kwenye ile picha likatokea ila sio lake, ni la mtu mwingine kabisa, yeye kumbe ni "kijana wake" na mhuri wa kwenye fomu ya TANESCO ya kuombea umeme anaukodi kwa huyo mwenye leseni! Sasa nyumba ikiwaka moto namshika nani?

Kuna mdau alisema nicheki CRB (bodi ya usajili wa makandarasi), asante mkuu, ila ile inasajili kampuni ya ukandarasi, leseni ya kufunga umeme ni EWURA, na mwangalie daraja pia maana kuna A, B, C, D na W, sio kila mwenye leseni anagusa kila kazi.

Nimechukua mwingine, ghali kidogo. Kaja na kitambulisho, jina limelandana na orodha, na kabla ya kufunika mabomba kapima waya kwa mega (kifaa cha kucheki kama waya unavujisha umeme) mbele yangu. Fomu kasaini mwenyewe. Nasubiri surveya wa TANESCO tu.