Naomba ushauri: mashine ya kusaga kahawa, meno yameisha au?

Wadau wa Nairobi, hii ni ya umeme, ya meno ya koni. Nasaga gramu 18 za kahawa ya AA (daraja la punje kubwa) iliyokaangwa siku 10 zilizopita, kwa hivyo si punje kuukuu. Espreso ilikuwa inatoa gramu 36 kwa sekunde 28. Sasa ni sekunde 15 tu, yaani unga unatoka mkubwa mno. Nikikaza meno zaidi ili isage laini, tena mota ikizunguka, inakwama. Nimefungua, nikapiga brashi, nikakaza skrubu.

Je, meno yamekuwa butu, au yale ya juu hayajakaa sawa? Meno pekee yanauzwa hapa mjini? Mashine ya visu sitaki: inatoa vumbi na chenga pamoja, kikombe kichungu na kichachu kwa mpigo.