Nikichora kutoka kwenye picha aliyopiga mtu mwingine, ni wizi?

brashi_kavu: Wakuu habari zenu. Mi nachora kwa akriliki, juzi mteja kaniletea picha ya mwanamuziki flani kaitoa Insta anataka kubwa ya sebuleni, nikampiga uso wa bluu na nywele za njano, yani imebadilika kabisa ila pozi ni lilelile. Sasa nataka niiprinti postikadi niuze, jamaa ananiambia mpiga picha anaweza kunishtaki. Si nshaibadilisha? Mbona Andy Warhol, yule msanii wa Marekani, alikua anafanya hivyohivyo?

Mzee_wa_Kanvasi: Mkuu hapo kwa Warhol umejichongea 😂 Mpiga picha Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince 1981, mwaka 1984 gazeti la Vanity Fair wakalipa dola 400 ili Warhol aitumie kama picha ya kuangalizia, itoke gazetini mara moja basi. Warhol akatoa kazi 16! Prince alipofariki 2016 Condé Nast, wenye gazeti la Vanity Fair, wakachukua ile ya rangi ya chungwa wakaiweka kava, taasisi ya Warhol ikalamba dola 10,000 na Goldsmith, mama wa watu, hakupata senti, hata jina hawakuandika. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, 2023 majaji 7 kwa 2 wakasema picha zote mbili zinafanya kazi ileile, sura ya Prince kwenye gazeti linalomhusu Prince, kwa hiyo kubadili rangi peke yake hakukuokoi.

dada_wa_rangi: Ila na Richard Prince je, yule mchoraji, sio mwanamuziki? Huyu alichukua picha za Marasta za mpiga picha Patrick Cariou akawabandika magitaa na kuwapaka nyuso, na 2013 mahakama ya rufaa ikapitisha kazi 25 kati ya 30. Mi bado nawaunga mkono wale majaji wawili wa 2023, sanaa yote ni kuchukuliana jamani.

Mzee_wa_Kanvasi: Hizo ni za Marekani dada, mlango wao wa kutumia kazi ya mtu bila ruhusa mpana. Sheria yetu ya hakimiliki Tanzania ya 1999 imetaja matumizi huru moja moja, kunukuu, kufundishia n.k, na kugeuza kazi ni haki ya mwenyewe. Brashi, mcheki mpiga picha kabla hujaprinti.

brashi_kavu: Nshamcheki DM, anataka elfu 20 kwa postikadi 100 na jina lake nyuma. Fresh tu. Nani anajua wanapoprinti bei poa Kariakoo?