Seamaster ya dola 250, uso hauna tarehe: ninunue au niache?

Mwana Katuba (Lubumbashi)

Hamjambo wakubwa. Kuna saa imeninyima usingizi tangu Jumamosi. Ni Omega Seamaster ya otomatiki, iko kwenye kibanda kimoja hapa mjini, na muuzaji anataka dola 250. Anasema ni ya 1968, ilikuwa ya mzungu wa migodini, na kwamba haijaguswa na fundi yeyote. Uso wake ni mweupe kama maziwa, hauna dirisha la tarehe, na chini pameandikwa T SWISS MADE T. Nyuma kuna yule farasi wa baharini, ila amefutikafutika. Kifundo cha kutilia ufunguo hakina alama yoyote. Nilipoifunika kwa viganja, mishale iliwaka kijani vizuri kabisa. Alikubali kuifungua, nikapiga picha: mashine ina rangi ya shaba nyekundu na namba 565, ndani ya mfuniko mna 166.010.

Marehemu baba alivaa Seamaster miaka yote ya utoto wangu, akaiuza 1993 ili tusifukuzwe shule. Naitaka kwa moyo wote, lakini sijui saa. Niangalie nini kabla sijatoa pesa?

Dada wa Ibanda (Bukavu)

Pole na hongera kwa kuuliza kwanza. Mimi sikuuliza. Nilinunua Seiko 5 yenye uso wa buluu unaong'aa, nikafika nayo nyumbani nikiwa na furaha. Mjomba akachukua kioo chake cha kukuzia akanionyesha: chini kabisa ya uso, karibu na namba 6, Seiko huandika maandishi madogo sana yanayoanza na namba nne za mashine. Namba hizo nne zinapaswa kufanana na zile nne za mwanzo kwenye mfuniko wa nyuma. Yangu nyuma iliandikwa 7009, usoni 6119. Yaani saa mbili zimezikwa katika kaburi moja. Nikarudi kwa aliyeniuzia, akasema pesa ikishatoka hairudi.

Fundi wa Kamalondo

Kijana wa Katuba, picha ulizopiga zimekwisha kukujibu. Mashine 565 ni ya tarehe. Na namba 166 za mwanzo ndani ya mfuniko ndizo Omega walizowapa otomatiki za kiume zenye tarehe; zisizo na tarehe zilianza na 165. Kwa hiyo mashine na kasha vinakubaliana, mgeni hapo ni uso. Mtu ameutoa kwenye saa nyingine, pengine yenye mashine 552 isiyo na tarehe, akaupachika hapa. Chini yake tarehe bado inazunguka kila usiku bila kuonekana na mtu.

Utahakikisha mwenyewe bila kufungua kitu. Tia ufunguo kidogo, vuta kifundo, sogeza mishale polepole kuelekea 12, sikio likiwa karibu. Ukipita 12 mara mbili, mojawapo utasikia kidole kinakutana na uzito kidogo, halafu *tik*. Saa isiyo na tarehe haifanyi hivyo. Kisha kivute kifundo zaidi, kupita pale pa kusogeza mishale. Kikivutika na kurudi chenyewe kwa nguvu ya springi, hapo umebadilisha tarehe usiyoiona.

Sasa mishale. Hiyo T mbili maana yake dawa ya gizani ni tritiamu, na tritiamu hupungua nusu kila miaka 12 na kidogo. Tangu 1968 haijabaki hata sehemu moja ya ishirini. Dawa ya zamani ukiimulika kwa tochi inaweza kumeta sekunde chache ikazima. Kuwaka kama ulivyosema ni dawa mpya. Linganisha rangi: ikiwa usoni ni ya njano iliyozeeka kama karatasi na kwenye mishale ni kijani kibichi, mishale imepakwa upya au si yake.

Kioo nacho kisikupite. Kioo cha plastiki cha Omega kina alama ndogo mno ya Ω katikati, ndogo kuliko chembe ya chumvi. Bila lupu, kile kioo cha kukuzia cha mafundi, huioni. Ikikosekana, kioo kimebadilishwa, na hilo peke yake halinisumbui. Kioo na kifundo ni vitu vya kuchakaa, kama mkanda. Farasi aliyefutika ananiuma zaidi, kwa sababu kasha limesuguliwa mno na chuma kilichoondoka hakirudi.

Ningeinunua? Kwa dola 250, hapana. Mashine ikitembea vizuri, kwa 120 ningefikiria, nikijua nitatafuta uso wenye dirisha. Na usimwite muuzaji mwizi. Wengi wanarudia waliyoambiwa na aliyewauzia.

Mwishowe, kuhusu saa za kabla ya hizo T, za miaka ya 1950 kurudi nyuma. Tafadhali, watoto wangu, msikwangue dawa yake. Nyingi ni radiamu, madini yenye mionzi, nayo hupungua nusu kila miaka 1600. Inaacha kuwaka kwa sababu unga unaong'aa umechoka, lakini sumu iko palepale, na vumbi lake likiingia kifuani ni hatari. Sisi wa Katanga tunapaswa kulijua hili kuliko wengine. Madini ya mgodi wetu wa Shinkolobwe yalipelekwa Olen, Ubelgiji, na kuanzia 1922 radiamu ikatolewa humo. Kila ninapofungua saa ya wakati ule nawaza kwamba huenda radiamu yake imerudi kwao.

Dada wa Ibanda

Papa fundi, na akisema ni dhahabu tupu?

Fundi wa Kamalondo

Toa mkanda, angalia katikati ya masikio ya kasha. Ukiona "20 microns", ni dhahabu ya kupakwa. Dhahabu tupu ya karati 18 ina mhuri wa 750.

Mwana Katuba

Papa, nimetoka huko sasa hivi. Nimezungusha polepole kama ulivyosema. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili uzito ukaja, halafu *tik*. Muuzaji aliponiona nimekaza macho akaichukua, akaiweka sikioni mwake, akazungusha mwenyewe mara tatu. Akaniambia alikuwa hajui, na usoni alionekana hajui kweli. Ameshusha hadi 130. Nimeomba niilete kwako kwanza aone na yeye, amekubali, tutakuja wote wawili Jumanne asubuhi. Baba yangu alikuwa na yenye tarehe. Nakumbuka tarehe 1 ya mwezi alikuwa akinipa mimi niibadilishe.