Ulinganisho: Mickey ya nyeusi na nyeupe, Popeye 1933–1938 au Betty Boop? Nimechanganyikiwa

Kibatari
Wakuu habari za jioni. Shemeji yangu yuko Minneapolis, anarudi Dar tarehe 20 mwezi ujao na kaniambia nichague kitu kimoja tu aniletee. Nataka mkusanyiko wa katuni fupi za nyeusi na nyeupe, zile za mwanzo. Nimebaki na tatu: Mickey Mouse in Black and White ya Walt Disney Treasures (2002, diski mbili kwenye kasha la bati), Popeye the Sailor 1933–1938 Volume 1 (2007, diski nne, katuni 60), na Betty Boop: The Essential Collection ya Olive Films, ambayo ni Blu-ray. Mngechukua ipi? Anataka jibu kabla ya Jumapili.

Fundi Deki
Mkuu, la muhimu hujalisema. Una deki gani? Igeuze nyuma utafute kialama cha dunia chenye namba ndani, hiyo ndiyo namba ya eneo la dunia ambalo diski zake inazisoma. Na unaangalia peke yako au na watoto? Bajeti je?

Mzee wa Kanda
Popeye, na deki itajulikana baadaye. Akina Fleischer, ndugu wenye studio iliyotengeneza hizo Popeye, walijenga mandhari ya kweli, vijumba na miti midogo juu ya meza inayozunguka, wakasimamisha mchoro wa Popeye mbele yake na kupiga picha mojamoja. Akitembea, nyumba za nyuma zinapishana kama unavyoziona ukiwa dirishani kwenye daladala. Halafu yale manung'uniko yake! Jack Mercer, mwigizaji wa sauti yake, aliyaingiza baada ya picha kuchorwa, ndiyo maana mdomo hausogei. Ongeza sauti usikilize vizuri.

BintiKisauni
Mickey, kaka. Mambo yote yameanzia pale. Steamboat Willie, tarehe 18 Novemba 1928, New York, katuni ya kwanza yenye sauti.

Mzee wa Kanda
Dada, si ya kwanza. Akina Fleischer walikuwa na Song Car-Tunes zenye sauti tangu 1924, kwa mtambo wa Phonofilm wa Lee de Forest. Na Dinner Time ya Paul Terry ilitoka mwaka huohuo wa 1928, ikamtangulia Willie.

BintiKisauni
Sawa, zilitangulia. Lakini hebu angalia Mickey anavyopiga meno ya ng'ombe kama marimba, kila jino na noti yake, kila pigo limeangukia pale muziki ulipo. Pale ndipo watu walipoelewa sauti inaweza kuifanyia nini katuni. Wallahi nimeirudia mara nyingi na bado nasimamisha kazi kila kipande hicho kikifika.

Baba Pacha
Kibatari, ngoja nikupe yaliyonikuta ili usirudie kosa langu. Mwaka juzi nilinunua kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni boksi la "katuni 100 za kale". Picha ya jalada safi, nailoni ya kiwandani, nikalipa Sh 60,000. Limefika, nakata nailoni, nageuza diski: chini ni zambarau. Mtu kachoma mwenyewe nyumbani! Nikajipa moyo, nikaweka. Maandishi ya majina yanayofungua katuni za Popeye yamekatwa, badala ya mlima, nembo ya studio ya Paramount, kuna herufi a.a.p., yaani ni nakala zilezile zilizosambazwa kwa vituo vya televisheni. Mbili kati ya hizo ni zile zilizochorwa upya kwa rangi miaka ya 1980, bahari imekuwa ya buluu kama rangi ya kopo na kivuli hakuna. Lakini lililoniuma zaidi ni kwamba picha ya mraba imepanuliwa ijae TV ya kisasa kwa kukata juu na chini. Popeye anavuta kiko, kofia haionekani! Pacha wangu wakaniuliza, "Baba, kwa nini hana kichwa?" Nikazima. Nilimwandikia muuzaji mara tatu, akanijibu mara moja kwamba bidhaa ikishafunguliwa hairudi. Boksi la Warner la 2007, hilo Popeye Volume 1 ulilotaja, nililiona baadaye kwa rafiki: majina yote ya mwanzo yamerudishwa, mlima upo, na zinafuatana kwa mpangilio wa miaka. Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Mama Salha
Pole sana Baba Pacha. Mimi narudi kwenye swali la watoto ambalo mleta mada hajalijibu. Kwenye katuni za Mickey za enzi hizo ipo Trader Mickey ya 1932, Waafrika wamechorwa kama walaji watu, na sufuria yao motoni. Kwenye hizo Walt Disney Treasures, Leonard Maltin, mwanahistoria wa filamu, anatokea kueleza zama zile zilikuwaje, na ni vizuri. Lakini mwanangu wa miaka mitano hamsikilizi Maltin, anaangalia sufuria. Mimi nilikaa naye, nikamweleza kwamba waliochora hawakutujua. Usiwawekee watoto diski ukaondoka kwenda jikoni.

Mzee wa Kanda
Mama Salha, hapo naungana nawe. Na Popeye ana yake pia, hasa zile za wakati wa vita zilizo Volume 3.

Juma wa Ilala
Lakini Steamboat Willie si iko huru Marekani, yaani hakimiliki yake imekwisha, tangu tarehe 1 Januari 2024? Kwa nini mtu alipie?

BintiKisauni
Filamu kuwa huru hakuisafishi picha. Soma alichoandika Baba Pacha.

Kibatari
Samahanini wakuu, nilikuwa safarini. Ni kwa ajili yangu na binti yangu wa miaka tisa anayependa kuchora. Bajeti dola 50. Nyuma ya deki kuna dunia, ndani namba 5.

Fundi Deki
Hapo ndipo penye kazi. DVD za Marekani ni namba 1, hiyo ya kwako inaweza kuzikataa. Baadhi ya deki zinafunguka kwa rimoti, nitumie modeli kamili. Ukitumia kompyuta, kisomadiski kinakuruhusu kubadili eneo mara tano tu, ya mwisho inabaki hapohapo daima. Betty Boop ndiyo ngumu zaidi: Blu-ray ya Marekani ni eneo A, Afrika tuko B, na deki ya DVD haisomi Blu-ray kabisa.

Mswahili wa Muscat
Huku kwetu ni namba 2. Mimi niliagiza deki inayosoma maeneo yote, nikapumzika.

Mzee wa Kanda
Binti wa miaka tisa anayechora? Mwonyeshe Popeye, msimamishe picha akiwa anakimbia, aone miguu inavyochorwa.

BintiKisauni
Au Mickey, kaka. Miduara mitatu, kichwa na masikio, anaweza kumchora usiku huohuo.

Baba Pacha
Fundi, samahani kuingilia, na hilo la picha kukatwa vichwa linarekebishika kwenye TV? Yangu ina kitufe cha ukubwa wa picha lakini kila nikibonyeza inarefusha nyuso.

Fundi Deki
Tafuta 4:3, yaani umbo la picha la TV za zamani, kwenye mpangilio wa deki kwanza, siyo wa TV. Lakini kama muuzaji alishakata kabla ya kuchoma, kilichokatwa hakirudi.

Kibatari
Modeli imefutika kwenye kibandiko, naona tarakimu mbili tu za mwisho. Nitapiga picha kesho mchana kukiwa na mwanga.