MJADALA: Binti akifungiwa getini, tunamlinda yeye au jina letu?

MLETA MADA: Wana Mtwara na jirani zetu wa Lindi, habari za jioni. Juzi umeme ulipokuwa na adabu niliangalia filamu ya zamani, The Virgin Suicides ya Sofia Coppola, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Cannes mwaka 1999. Hadithi ni ya miaka ya 1970, Grosse Pointe, kitongoji cha wenye nazo kando ya Detroit, Marekani. Baba mwalimu wa hesabu, mama mshika dini, mabinti watano. Mdogo wao anajiua. Baadaye Lux, mmoja wa dada zake, anachelewa kurudi kutoka kwenye dansi ya shule, na mama anawaachisha shule wote wanne waliobaki, anawafungia ndani, anamlazimisha Lux achome sahani zake za muziki. Haponi hata mmoja.

Anayetaka vituko asihangaike nayo. Inakwenda polepole, mwanga wa njano kama wa Mikindani jua likizama, muziki wa kundi la Air la Ufaransa ukijiburuza. Hakuna DJ atakayeitafsiri, na akijaribu ataijaza maneno iharibike. Wanaosimulia ni wavulana wa mtaani, sasa watu wazima, na mpaka leo hawajui mabinti wale walikuwa na nini moyoni. Walikuwa wakipigiana simu na kuwekeana nyimbo, basi.

Nikawaza Shangani kwetu. Binti anashushwa na gari la shule, geti linafungwa, tumemaliza malezi. Mwali wa unyago wa zamani naye aliwekwa ndani, lakini alikuwa na somo, yaani mwanamke wa kumfunda, wa kuongea naye, na ilikuwepo siku ya kutoka, khanga mpya na ngoma. Geti letu halina siku ya kutoka. Mimi nasema tunachokilinda pale ni jina. Mnasemaje?

MAMA WA SHANGANI: Mwanangu, wewe hujalea. Subiri msimu wa korosho, pesa zikishaingia mjini, uone watu wazima wanavyosimamisha pikipiki mbele ya watoto wenye sare. Wangu yuko kidato cha tatu. Niache geti wazi kwa sababu ya filamu ya Wazungu?

KIJANA WA CHIKONGOLA: Hao wavulana wa kwenye filamu ndio sisi. Mimi nimekaa miaka sita mkabala na nyumba yenye ukuta, binti wa mle namjua kwa rangi ya sketi tu. Nikimsalimia, mimi mhuni. Sasa tutajuana lini, siku ya kupeleka posa?

WA NEWALA: Mleta mada, unyago usiupambe. Mimi nilichezwa nikiwa darasa la tatu, likizo ya Desemba. Nilifundishwa mambo ya mume kabla sijaweza kugawanya kwa tarakimu mbili. Somo wangu alikuwa anaongea yeye, mimi kazi yangu ilikuwa kuitikia. Nilikuwa na swali, na sikuthubutu kuliuliza. Kwa hiyo ukuta wa Shangani na unyago wa kwetu mimi naviona ndugu. Ila na Mama hapo juu simlaumu, hofu yake naijua. Kwetu binti akipata mimba watu walikuwa wanamwandikia mwisho. Tangu 2021 serikali inaruhusu arudi darasani akishajifungua, lakini nenda ukaone akirudi anakaa dawati moja na nani.

MLETA MADA: Wa Newala umenipiga pabaya, nakubali. Yule somo niliyemsifia ni wa hadithi za bibi yangu, mwenyewe sijawahi kukaa kwenye kumbi lao. Hapo nilijisemea tu. La geti bado sijarudi nyuma. Mama, shikamoo. Hao wa pikipiki nawajua, na wengine ni rika la baba yangu. Lakini mbona anayefungiwa ni mtoto? Na swali moja dogo: ukisafiri kwenda Masasi, ufunguo wa geti unabaki na nani?

MAMA WA SHANGANI: Marahaba. Na dada wa kazi.

MLETA MADA: Ana miaka mingapi?

MAMA WA SHANGANI: 17. Na usinibadilishie mada.